Nepi Ishirini na Nne Kwenda Embu

Alhamisi, 14 Agosti. Meru.

Nimemaliza! Nepi ishirini na nne za kitambaa. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa mara tatu. Kila moja ina nambari. Nilitumia mashine ya kupigia nambari mafaili pale masijala, ambayo Bi. Rahema, mkuu wangu, huiweka kwenye droo yake. Sikuiiba. Niliiazima saa ya chakula cha mchana, bila kumsumbua kwa kumwambia. Chini ya kila nambari nimeandika jina langu kwa wino usiofutika: KOOME. Faili lisilo na jina hupotea. Sioni kwa nini nepi iwe tofauti.

Niandike sababu, nisije nikaisahau nikishikwa na hofu.

Kathure, binti yetu, ana miezi saba. Wanja, mke wangu, amepata kazi ya ualimu Ruiri na anaanza tarehe 25. Mama yake, aliyeko Embu, anasema mtoto abaki kwake mpaka atembee. Mpaka atembee! Na akichelewa kutembea? Kuna watoto wanachelewa. Mimi nilichelewa.

Nilikataa. Kwa simu, lakini nikiwa nimesimama. Nikamwambia kwamba Safiya, jirani yetu, mke wa muuza nyama, amekubali kumshika Kathure mchana, mradi kila asubuhi nimpelekee nepi nane kavu. Mama akauliza kwa nini nepi na si daipa za kutupa kama watu wote. Nikaeleza kwamba kila Kathure akivaa daipa anatoka upele mwekundu, na muuguzi wa kliniki alisema tutumie kitambaa. Akauliza nani atafua. Nikasema mimi.

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Akapiga tena, na sharti. Tuje Embu wiki moja. Nepi zote nibadilishe mimi, nifue mimi, nianike mimi. Mtoto asionekane na unyevu. Na akivaa daipa hata moja, anabaki Embu. Wanja amekubali. Mimi pia nimekubali, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Nimenunua ndoo yenye kifuniko sokoni Gakoromone, kwa mama mmoja aliyekuwa akihifadhia maharagwe ndani yake. Ni ya nepi chafu. Kifuniko kinafunga kabisa. Nimekijaribu mara kumi na moja.

Jumamosi, 16 Agosti. Kwa wakwe.

Tumefika. Nepi bado ni ishirini na nne, japo kwa muda wa nusu saa zilikuwa ishirini na tatu.

Tulikuja na gari la Nyamu. Nyamu ni mume wa Susan, dada yake Wanja. Anauza mbolea Embu na alikuwa amekuja Meru kikazi. Viti vya gari lake bado vina nailoni za dukani. Ana mtoto wa kiume wa rika la Kathure, naye anavaa daipa zenye mstari wa manjano ambao ukipata maji unageuka bluu. Nyamu alianza kunieleza habari ya mstari huo tukiwa Nkubu. Tulipofika Chuka alikuwa bado anaueleza. Nikamwambia mimi nina kidole.

Hakupenda. Akasema, "Karani, huu ni mwaka gani kwenu?"

Kabla ya Chuka Kathure alikuwa amelowesha nepi tatu. Nilizihesabu, nikaanza kutoka jasho. Ndipo wazo likanijia. Gari linakimbia. Upepo ni wa bure. Nikaisuuza nambari 3 kwa maji ya chupa, nikaibana juu ya kioo cha dirisha, upande wangu, taratibu. Ilipepea vizuri sana! Nilijisikia kama mtu aliyegundua kitu.

Tulipoteremkia daraja la Thuci, iliondoka.

Niliiona kwa kioo cha nyuma. Ilimfunika uso mwendesha bodaboda, akayumba, akasimama kando ya barabara. Hakuanguka, Mungu mkubwa. Sikumwambia mtu yeyote. Nilitazama mbele na kusoma mabango kwa makini.

Runyenjes, Nyamu alisimama kununua ndizi. Bodaboda ikaja, ikaziba njia mbele yetu. Yule mtu akashuka, nepi mkononi, akauliza, "Koome ni nani hapa?" Nyamu akanionyesha kwa kidevu. Yule mtu akanipa nambari 3 kupitia dirishani, akasema, "Ndugu yangu, siku nyingine ikaushe kwanza, ndio unitumie."

Nyamu alicheka mpaka tukafika nyumbani. Acheke. Ni kitu gani kiliirudisha ile nepi? Jina! Angeandika nani jina kwenye daipa?

Mama alitupokea mlangoni. Alimchukua Kathure, akaingiza kidole. Mkavu. Nilikuwa nimembadilisha getini, nyuma ya ua.

Jumapili, 17 Agosti.

Baridi. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. Hapa ni kahawa pande zote, na kila jani linatoa tone. Nepi nane nilizofua jana ziko vilevile. Nimezikamua mara ya pili. Nimezikamua mara ya tatu. Nambari 11 imeanza kubadilika umbo.

Aibu baada ya kanisa. Mama alisimama nyuma yangu nikimbadilisha Kathure, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Nikamgeuza mtoto. Kwenye tako la kushoto, kwa bluu, kulikuwa na nambari 7. Kinyumenyume.

Wino usiofutika. Haufutiki kwenye kitambaa. Kwenye matako unahamia.

Mama aliinama akasoma. Akauliza kama mtoto anapelekwa mnadani. Akasema, "Baba Kathure, kwenu Ruiri najua mnaweka ng'ombe alama. Huku kwetu mtoto tunamjua kwa sura." Susan alijificha ndani ya leso yake kucheka. Wanja alitazama dari.

Nikajibu kwamba nambari husaidia utaratibu wa matumizi. Sauti yangu ilipanda mwishoni, kama swali.

Jioni Nyamu akaleta zawadi. Pakiti ya daipa! Akaiweka juu ya kabati sebuleni, karibu na picha ya harusi ya wazee, akasema ni za dharura. Mama akaifungua, akazihesabu mbele yetu sote. Kumi. Akanitazama. "Ziko kumi," akarudia.

Sitazigusa. Nikifa, waandike sikuzigusa.

Jumatatu, 18 Agosti.

Leo naandika polepole, nisiruke kitu.

Saa nne jua lilichungulia. Nikakimbia na beseni. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa. Shuka, taulo, koti la Mzee Naftaly, baba mkwe, na katikati kabisa, mahali penye jua bora, petikoti. Nyeupe, ya lasi. Ya mama mkwe.

Najua heshima. Mwanamume hagusi nguo ya ndani ya mama mkwe wake. Huku na kwetu hilo ni moja, na mtu akisikika amefanya hivyo anazungumziwa mpaka wajukuu zake. Kwa hiyo sikuigusa. Mimi ni mtu mwangalifu. Nilitafuta kijiti.

Nilikuwa nimeinyanyua petikoti kwenye ncha ya kijiti, juu ya kichwa changu, naisogeza kuelekea mwisho wa kamba, upepo ukaijaza. Ikasimama kama bendera. Wakati huohuo Mama akatoka jikoni na majirani wawili wa kikundi cha akina mama.

Mmoja wa majirani alijishika mdomo na kugeuka kutazama migomba.

Mama akasema, kwa upole unaotisha, niiteremshe. Nikauliza niiteremshie wapi. Akasema popote, Baba Kathure, popote, bora isiwe inapepea. Nikaiweka juu ya mgomba. Halafu akatangaza kwamba tangu leo kamba ile si yangu. Nitafute mahali pangu pa kuanika. Boma ni kubwa, Embu ni kubwa.

Wanja aliniuliza faraghani kwa nini sikumwita yeye au Susan. Swali zuri. Sikulifikiria. Halafu akasema kitu kingine, bila kunitazama: kwamba usingizini huwa anamtafuta Kathure kwa mkono, na hajui mkono huo utafanya nini Meru akibaki peke yake. Akatoka kwenda kuchota maji.

Nepi kavu zilizobaki: tisa. Siku zilizobaki: nne. Sikati tamaa. Wanadhani nitakimbilia ile pakiti kabatini. Hawanijui!

Jumanne, 19 Agosti.

NIMEPATA!

Mzee Naftaly ni mwenyekiti wa kamati ya kiwanda cha kahawa, ambacho kila mtu hapa anakiita faktori. Leo aliniomba nimsindikize, nadhani ili kunitoa machoni pa mama. Mzee hasemi sana. Tuliteremka kimya, kitu pekee kilichosikika ni gambuti lake la kushoto, buti la mpira lenye tundu, likinyonya na kutema maji kila hatua.

Kahawa huanikwa juu ya meza ndefu za wavu. Lakini siku za ukungu kama hizi wana nyumba ya nailoni: kuta za nailoni, paa la nailoni, ndani meza zimepangwa safu mbili. Niliingia, miwani yangu ikapata mvuke. Joto! Kavu! Nje watu wamejikunyata ndani ya makoti, ndani ni kama Isiolo. Na juu ya meza, kutoka nguzo hadi nguzo, nyaya zimefungwa. Tupu kabisa. Zinangoja.

Nikamuuliza mlinzi zile nyaya ni za nini. Akasema za kushikilia nailoni. Nikamuuliza kama kuna mtu huingia asubuhi na mapema. Akasema wafanyakazi huja saa tatu kugeuza kahawa. Nikamshukuru. Sikuuliza zaidi. Mtu akiuliza zaidi anapewa jibu.

Jumatano, 20 Agosti.

Ushindi!

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa faktori na nepi sita, nambari 1 hadi 6. Nilimwambia mlinzi nimetumwa na mwenyekiti. Si uongo mtupu. Jana Mzee alinituma sukari. Saa mbili na nusu zilikuwa kavu, zimekakamaa kama karatasi ya cheti. Nikaziondoa kabla ya wafanyakazi kuja. Hakuna aliyeona.

Mama akaingiza kidole kwa Kathure saa nne. Mkavu. Saa sita, mkavu. Saa nane, mkavu. Akaninusa mimi badala ya mtoto. Akauliza naanika wapi. Nikasema Embu ni kubwa.

Nyamu alipita jioni kuangalia kama pakiti yake imefunguliwa. Nikamwambia imefunguliwa kuhesabiwa tu. Nikamuuliza mstari wa mtoto wake leo uko rangi gani. Akaondoka zake! Ningeweza kuimba.

Kesho nitafanya kwa ukamilifu. Nepi kumi na mbili, 9 hadi 20. Na kwa kuwa Mama anapenda kunusa, nimenunua Runyenjes ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya waridi. Chupa inasema kifuniko kimoja. Nimetia vitano.

Alhamisi, 21 Agosti.

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Saa moja nilikuwa nimeshaanika na kurudi kwa chai. Nikamkuta Mama amesimama mbele ya kabati. Pakiti mkononi. "Ziko tisa," alisema.

Nikaapa. Nikaapa kwa Kimeru, nikaapa kwa Kiswahili. Nikasema nichunguzwe, mtoto achunguzwe, ndoo ichunguzwe. Mama akasema daipa haina miguu. Wanja alinitazama tu, na jinsi alivyonitazama kuliniuma kuliko yote ya petikoti. Nikamwambia, "Wanja, sikuigusa." Akasema, "Sawa, Baba Kathure." Ananiita hivyo akiwa haniamini. Siku za kawaida ananiita Koome.

Kabla sijapata pumzi, bodaboda ikaingia bomani. Mzee anaitwa faktori haraka, akasema mwendeshaji. Yeye pamoja na mtu anayeitwa Koome.

Embu nzima, Koome ni mimi peke yangu.

Walikuwa wamesimama ndani ya nyumba ya nailoni, kamati yote. Nepi zangu kumi na mbili zilining'inia juu ya kahawa, na kwa kuwa sikuzikamua vizuri, zilikuwa zinadondosha. Taratibu. Waridi. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba mtu angeweza kuiegemea. Nyamu alikuwapo, amewaletea mbolea, bahati yangu. Akazipitia moja moja akisoma kwa sauti kama mwalimu na rejista: "Koome tisa. Koome kumi. Koome kumi na moja." Kwa woga niliitika.

Meneja wao, Gichovi, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, aliniuliza kama najua kahawa inafanya nini ikiwa inakauka. Nikasema inakauka. Akasema inakunywa. Inakunywa kila harufu iliyo karibu nayo. Ndiyo maana humo ndani hamvutwi sigara, hamletwi mafuta ya taa, hata sabuni ya kunawia iko nje. Kila mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Mimi ni wa Ruiri. Kwetu ni ng'ombe. Ng'ombe hawajali.

Gichovi akachukua kahawa ya meza mbili za katikati, iliyokuwa karibu kukauka, akaikaanga kidogo, akaisaga, akaichemsha. Wanakamati wakaonja mmoja mmoja. Mzee mmoja akaitema, akasema ni kama kunywa ukiwa umekaa saluni.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwoga kama mimi angenyamaza! Lakini nilimwona Mzee Naftaly ameinamisha kichwa mbele ya watu anaowaongoza, na nikaona Nyamu anatabasamu. Nikasema nepi ni zangu, jina ni langu, mwenyekiti hakujua lolote. Nikasema nilidanganya mlinzi. Nikasema ni za mtoto wangu, na kwamba ningezianika juu ya paa la kanisa kama lingekuwa na joto. Nikaongeza kwamba ni safi kuliko baadhi ya mikono iliyomo humu ndani.

Sijui kwa nini niliongeza hilo.

Uamuzi: kahawa ya meza mbili itengwe, isichanganywe na ya wanachama. Mzee ataeleza kwenye mkutano wao ujao. Na mimi nianze leo hii kuwasaidia wanawake kugeuza na kuchambua, mpaka meza zote zirudi zilivyokuwa.

Njiani kurudi kuchukua leso ya kumbebea mtoto nilimwomba Mzee msamaha. Gambuti lake lilikuwa kimya leo. Akasema tu, "Twende." Akatembea mbele.

Mtoto atabaki Embu. Nimeandika sentensi hiyo ili nione inavyoonekana. Inaonekana vibaya. Naikataa.

Ijumaa, 22 Agosti.

Siku ya mwisho ya sharti. Niliamka na nepi kavu nne tu. Nilizipata kwa kuzipiga pasi ya makaa mpaka zikaacha kulia. Mojawapo ilikuwa nambari 3, ile ya bodaboda. Nikamvisha Kathure, nikamfunga mgongoni kwa leso, nikateremka faktori.

Kiongozi wa wanawake wanaochambua anaitwa Beth. Mkono wake mmoja unachambua haraka kuliko ofisi yetu nzima. Mara ya kwanza kuniona na mwiko wa mbao alipiga kelele, "Baba Kathure, geuza kahawa, si kuipapasa! Hiyo si shavu la bibi yako!" Wakacheka wote. Nikageuza kwa nguvu zaidi. Kathure naye alikuwa anacheka mgongoni, msaliti. Beth akauliza kama ni kweli nilipandisha bendera Jumatatu. Habari imefika mpaka hapa! Nikasema ni kweli, na ilipepea vizuri. Baada ya hapo wakanipenda kidogo.

Wakanionyesha jinsi ya kukunja nepi iwe nene katikati. Wakanionyesha kumbadilisha mtoto amelala juu ya gunia, pini mdomoni. Saa tano jua likatoka. Jua la kweli, la kuchoma! Beth akaonyesha ua ulio nyuma ya vyoo, mbali na kahawa, upande upepo unakokwenda. Kumi na tisa zikaenea pale kama korongo wamepumzika. Ua wenyewe ulikuwa pale wiki nzima. Sikuuliza.

Saa saba Mama akateremka. Pamoja naye Wanja, Susan, na Nyamu nyuma yao, ambaye hana duka la kufungua siku hizi. Niliona Mama amekuja na shali la kumbebea mtoto. Nikamgeuzia mgongo, nikasema, "Mama, angalia."

Akaingiza kidole. Wanawake wote waliacha kuchambua.

"Mkavu," akasema.

Beth akapiga kigelegele. Mama akainua mkono. Akasema mkavu ni mkavu, hilo amelikubali, na matako ni masafi, hayana upele, amekubali pia, ukiacha ile nambari. Lakini zilikuwa kumi zikawa tisa. Aliyesema hatatumia daipa aseme ile moja ilikwenda wapi.

Wanja alikuwa ameshika ncha ya leso yangu, pale mguu wa Kathure ulipochomoza, na hakuiachilia.

Mzee Naftaly alikuwa amekaa juu ya gunia mlangoni mwa stoo. Alikuwa na kila sababu ya kuendelea kukaa. Akakohoa. Akainama, akavuta gambuti la kushoto, akalipindua. Likaanguka kwa kishindo kitu cheupe, kimevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Akasema tundu limemsumbua tangu mwezi wa nne. Kwamba ameomba gambuti jipya mara mbili nyumbani. Kwamba mtu wa miaka sabini na moja ana haki ya mguu mkavu hata mmoja. Na kwamba ile daipa, aseme ukweli, inafanya kazi.

Nyamu aliinama akaichungulia. "Imegeuka bluu," akasema kwa sauti ndogo.

Mama alicheka. Alicheka kama alivyocheka kwenye simu, akishika mbavu, akimpiga Mzee begani kwa shali. Alipomaliza akajifuta macho na kuniambia nimpeleke mtoto wangu nyumbani. Desemba atakuja Meru kukagua, bila kutoa taarifa. Na siku nyingine nikikuta nguo yake kwenye kamba, nimwite Susan.

Wanja akasema, "Koome, twende tukaanue." Koome!

Mzee amebaki na zile tisa.

Jumanne, 26 Agosti. Meru.

Siku ya pili ya Wanja Ruiri. Kathure kwa Safiya. Kila kitu kinakwenda vizuri, isipokuwa jambo moja dogo. Mvua. Kamba ya ploti tunapopanga ni ya mama mwenye nyumba na imejaa mablanketi. Leo Safiya alirudisha nambari 15 na 16, akasema nane kavu maana yake si sita kavu na mbili zenye nia nzuri. Akirudisha tena kesho, nimpigie mama mkwe? Kamwe!

Nimefikiri kwa utulivu, na nimejifunza mengi kutokana na Embu.

Masijala yetu haina dirisha. Ina ile mashine ya kuondoa unyevu, inanguruma siku nzima ili mafaili yasipate ukungu. Joto! Kavu! Nyuma ya rafu ya mwisho kuna nafasi ya kamba mbili, na Bi. Rahema ana mikutano orofa ya juu mpaka Ijumaa. Karatasi si kahawa. Karatasi hainywi kitu. Sijamuuliza mtu, lakini ni jambo la akili tu. Dawa ya kulainisha ni ya limau safari hii, maana tatizo lilikuwa waridi.

Kosa langu Embu lilikuwa moja: jina. Wino haufutiki, basi nimefanya tunavyofanya ofisini. Kwenye nepi zote ishirini na nne nimelikata neno KOOME kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nimeandika NYAMU. Wakiziona, wamtafute huko Embu.

Na kando ya kila sahihisho nimetia sahihi yangu na tarehe, kama utaratibu unavyotaka.